Heri Nusu Shari: Chanjo ya Homa ya Ini Isimbague Mlevi



Kila tarehe 28 Julai dunia huadhimisha Siku ya Homa ya Ini. Tarehe hiyo ndiyo siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, mwanasayansi wa Marekani aliyegundua virusi vya homa ya ini aina ya B katika miaka ya 1960, akashiriki katika kubuni chanjo yake, kisha akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Hapa Uganda siku hiyo huwa na mabango na hotuba. Wananchi huambiwa wakapimwe na wakachanjwe. Ni maneno mema, na nani atakayeyapinga?

Hata hivyo, wapo watu ambao maneno hayo hayawafikii. Yupo kijana anayejidunga heroini katika chumba cha nyuma mtaani Kampala. Yupo baba anayefika kilabuni kabla jua halijapanda na kutoka akiwa ameshikwa mkono. Hao hawaji kwenye viwanja vya maadhimisho, na wakija, watu husogea pembeni. Makala haya yanawahusu hao. Hoja yangu ni hii: mtu anayetumia dawa za kulevya au pombe ana haki ya kupimwa na kuchanjwa dhidi ya homa ya ini B kama alivyo, leo, bila kuwekewa sharti kwamba kwanza aache. Tukingoja aache, huenda tukamchanja maiti.

Jina linalopotosha

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Katika insha za wanafunzi huona mara kwa mara "homa ya ini" na "homa ya manjano" zikichanganywa kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini B huenezwa kwa damu na majimaji mengine ya mwili: kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa kujamiiana bila kinga, na kwa sindano, wembe au kifaa chochote chenye damu ya mtu mwingine. Mkanganyiko huu unatokana na macho ya mgonjwa, ambayo huweza kugeuka rangi ya manjano katika maradhi yote mawili.

Lakini neno linalonisumbua zaidi ni "homa". Likitamkwa, tunangoja joto la mwili, kutetemeka na jasho. Virusi hivi mara nyingi havileti lolote kati ya hayo. Huweza kukaa katika ini miaka 20 au 30, mtu akilima, akioa, akizaa na akicheza mpira, ilhali ini linajaa makovu polepole na kusinyaa, au linaota saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya homa ya ini B, na kwamba takriban watu milioni 1.1 walikufa kwa ugonjwa huo. Kati ya kila watu 100 wenye maambukizi hayo, ni 13 tu waliokuwa wamepimwa na kujulishwa hali yao, na 3 tu waliokuwa wakipata dawa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ugonjwa huu mgonjwa hafichi kitu. Ni maradhi yenyewe yanayomficha. Ndiyo maana kipimo cha damu hakina mbadala. Anayengoja dalili anangoja hatua ya mwisho.

Tunauliza kosa kabla ya kuuliza damu

Hali ya nchi yetu ikoje? Utafiti wa kitaifa wa miaka ya 2004 na 2005 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya 10 nchini Uganda alikuwa na virusi hivi. Utafiti mwingine mkubwa, wa miaka ya 2016 na 2017, ulikuta takriban watu wazima 4 kati ya 100. Wanaume walioambukizwa walikuwa wengi kuliko wanawake, na maeneo ya kaskazini yalibeba mzigo mzito kuliko ya kusini-magharibi.

Mwaka 2002 chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga, zitolewazo wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mwaka 2015 serikali ilianza kuwachanja bure vijana wakubwa na watu wazima, ikianzia wilaya za kaskazini. Sasa zingatieni mwaka huo 2002. Wengi wenu mnaosoma sekondari mmezaliwa baada yake, na kama wazazi wenu walikamilisha kliniki, mlikwisha kupata kinga kabla hamjajua kutembea. Kaka zenu wakubwa, baba zenu, wajomba na shangazi zenu hawakuipata utotoni. Kizazi hicho ndicho kilichojaa katika vilabu vya pombe jioni hii, na wengi wa wanaojidunga dawa ni wa kizazi hicho pia.

Hapa ndipo ninapotaka tutende haki katika fikra zetu. Watu wengi wenye virusi vya homa ya ini B katika Afrika hawajawahi kushika sindano ya dawa za kulevya. Walivipata utotoni: kwa mama zao walipozaliwa, au kwa watoto wenzao katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini mwake maisha yote unakaribia 95 katika 100. Mtu mzima mwenye kinga nzuri akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvishinda. Chini ya 5 katika 100 ndio hubaki navyo. Kwa hiyo, kumwona mwenye homa ya ini na kumdhania mara moja kuwa mlevi, mhuni au mtumiaji wa dawa ni kumsingizia.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo ndilo linaloua. Mlevi wa kijiji akianza kukonda, tumbo likajaa maji na macho yakawa manjano, kila mtu ana jibu tayari. Mmoja husema pombe imemmaliza. Mwingine husema amelogwa, au amelishwa sumu. Wote wawili wamekwisha kutoa hukumu, na hakuna aliyetoa damu ikapimwe. Je, kama mtu huyo alizaliwa na virusi, vikakaa kimya miaka 35, na pombe ikaja kuongeza moto juu ya moto? Kama angepimwa akiwa na miaka 25, angejua kwamba kwake yeye kila chupa ina bei maradufu. Angepewa dawa ya kumeza inayozuia virusi visizaliane. Mkewe na wanawe wangepimwa na kuchanjwa. Yote hayo yalipotea kwa sababu tuliridhika na jibu la "ni ulevi wake".

Kwa hiyo mwenye virusi tunamdhania ulevi, na mlevi hatumdhanii virusi. Katika hali zote mbili tumeuliza kosa kabla ya kuuliza damu.

Hatari iko wapi hasa

Elimu ya uraia isiyotenganisha hatari moja na nyingine huishia kuwa vitisho. Tuzipange, basi, moja moja.

Hatari iliyo kubwa kupita zote ni ya kujidunga. Virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa urahisi mkubwa, mara 50 hadi 100 kuliko VVU, na huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Kwa hiyo hatari haiishii kwenye ncha ya sindano. Imo katika bomba la sindano, katika kijiko au kizibo cha kuyeyushia unga, katika pamba ya kuchujia, katika maji ya kusuuzia na katika kitambaa cha kufungia mkono. Mtu anaweza kusema kwa dhati kwamba hajawahi kuazima sindano, kumbe amechangia maji. Tena baadhi ya wanaojidunga wana VVU, na mtu ambaye kinga yake imepunguzwa na VVU hushindwa kwa urahisi zaidi kuviondoa virusi vya homa ya ini.

Pombe ni hadithi nyingine. Pombe haina virusi. Waragi haimwambukizi mtu homa ya ini B, wala lira-lira, wala tonto. Lakini ini ndilo kiungo kinachobeba kazi ya kuivunjavunja pombe, na ndilo hilohilo linaloshambuliwa na virusi. Virusi na pombe vikikutana katika ini moja, makovu huja mapema zaidi na saratani hukaribia zaidi. Wakulima wanapaswa kujua kwamba yuko adui wa tatu, sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, ambayo huongeza sana hatari ya saratani ya ini kwa mwenye virusi hivi. Aidha, pombe huondoa hadhari. Aliyelewa husahau kinga katika kujamiiana, naye aliyepigana hutoka damu na kugusa damu.

Bangi na mairungi haviambukizi homa ya ini B kwa kuvutwa au kutafunwa. Vina madhara yake mengine, na sivipendekezi kwa yeyote, lakini mwalimu asiseme uongo ili atishe. Mwanafunzi akigundua uongo mmoja, ataukataa na ukweli uliofuata.

Na mrija wa malwa je? Kule Teso, ambako pombe hiyo ya ulezi huitwa ajon, wazee huketi kuzunguka chungu kimoja na kuinywa kwa mirija mirefu. Nimewasikia watu wakisema kwamba chungu hicho ndicho kiini cha ugonjwa huu, na kwamba mwenye virusi afukuzwe kwenye duara. Ukweli ni kwamba homa ya ini B haienezwi kwa kula pamoja, kwa kutumia vyombo pamoja, kwa kupeana mkono, kwa kukumbatiana wala kwa kukohoa. Mwenye virusi aache ajon kwa ajili ya ini lake. Asifukuzwe kwa ajili ya mate yake. Tena haifai kabisa atengewe sahani na kikombe nyumbani. Kinachotengwa ni wembe, mswaki, na chochote kinachoweza kubeba damu.

Upunguzaji wa madhara si usaliti wa maadili

Wapo wanaouliza, na swali lao si la kipuuzi: "Mwalimu, kwa nini shilingi za umma ziende kwa walevi na wavuta unga, ilhali zahanati yetu haina dawa za watoto?" Wengine huongeza kwamba kumpa mtu sindano safi ni kumpa ruhusa ya kujidunga. Na wengine, kwa huruma kabisa, husema: "Tumsaidie kwanza aache, kisha tumchanje."

Nianze na hao wa mwisho. Kuacha heroini, au kuacha pombe baada ya miaka ya mazoea, si jambo la Jumatatu hadi Jumatano. Huchukua miezi na miaka, na wengi huanguka njiani na kuinuka tena. Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida hutolewa mara 3: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi 6. Kwa watu ambao ni vigumu kuwapata tena, upo mpango wa haraka ambao dozi 3 hukamilika ndani ya takriban wiki 3, siku ya kwanza, ya 7 na ya 21, na dozi ya kuimarisha hufuata baada ya mwaka. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba wanaojidunga dawa wapewe nafasi ya mpango huo wa haraka. Basi linganisheni wenyewe: wiki 3 za kinga na miaka ya kuacha. Kipi kitangulie?

Kwa wale wa sindano safi, Kiswahili kina jibu la kale: heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hii haisemi kwamba nusu shari ni njema. Inasema kwamba mwenye busara, asipoweza kuiondoa shari yote leo, huipunguza. Wataalamu huita njia hiyo upunguzaji wa madhara. Programu za sindano safi zimetekelezwa katika nchi nyingi kwa miongo kadhaa, na uchunguzi haukuonyesha kwamba ziliongeza idadi ya wanaojidunga. Zilipunguza kushirikiana sindano, na ziliwaleta watu karibu na wahudumu wa afya ambao hapo awali waliwakimbia.

Majirani zetu walitutangulia. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini na kumwondolea mtu haja ya sindano. Kenya ilianza kugawa sindano safi, hasa katika ukanda wa pwani na Nairobi, na mwaka 2014 ikaanza kutoa methadoni. Uganda ilifungua huduma ya methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Butabika mwaka 2020. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini Butabika ni moja, na nchi ni kubwa. Zaidi ya hayo, kila anayekuja kuchukua methadoni kila siku ni mtu ambaye tunaweza kumpima na kumchanja bila kumtafuta. Kumwacha aondoke bila chanjo ni sawa na kuokota kuni msituni na kuziacha njiani.

Sheria nayo inahusika. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya iliyokuwapo, kwa sababu ya suala la akidi ya wabunge ilipopitishwa, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria nyingine. Sipingi kwamba mfanyabiashara wa heroini ashtakiwe. Lakini anayetumia akijua kwamba kukutwa na sindano mfukoni ni njia ya gerezani, hatabeba yake. Ataazima ya mwenzake. Na akifika gerezani, atakuta wembe mmoja unaonyoa vichwa vingi. Hofu ya askari inaweza kueneza virusi kama inavyoweza kuzuia biashara, na watunga sheria wanapaswa kupima pande zote mbili.

Sasa nije kwa mlipa kodi. Ndugu yangu, virusi havibaki kilabuni. Mlevi ana mke. Anayejidunga ana mpenzi, ana mama anayemwosha majeraha, ana muuguzi anayemtoa damu hospitalini. Mama mjamzito mwenye virusi huweza kumwambukiza mtoto wake, na hapo mzunguko huanza upya kwa kiumbe ambaye hajalewa hata siku moja. Dozi 3 za chanjo hulinda karibu watu wote wanaozimaliza. Humkinga mtu pia dhidi ya homa ya ini aina ya D, ambayo haiwezi kumpata asiye na B. Upande wa pili wa mizani kuna saratani ya ini, ambayo kwetu hugunduliwa mgonjwa akiwa amekwisha kuchelewa, na familia huuza ng'ombe na shamba kwa ajili ya safari za hospitali zisizomponya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayesema kwamba chanjo ya mlevi ni ufujaji wa fedha hajahesabu gharama za ukuta.

Nini kifanyike

Kwanza, kipimo na chanjo viwafuate watu walipo. Timu za chanjo zimezoea kwenda shuleni na sokoni. Ziende pia vilabuni kabla watu hawajalewa, katika vituo vya bodaboda, magerezani, katika kliniki za VVU, na katika maskani ambako wanaojidunga hukutana, zikiongozwa na watu waliowahi kutumia dawa na kuaminika huko. Kipimo na dozi ya kwanza vitolewe siku hiyohiyo. "Rudi wiki ijayo" ni neno jepesi kwa mhudumu, lakini kwa mtu mwenye arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, wiki ijayo haipo.

Pili, anayekutwa na virusi asiachwe mlangoni na karatasi ya majibu. Aelezwe kwamba maambukizi si kifo, kwamba si kila mwenye virusi huhitaji dawa mara moja, lakini kila mmoja huhitaji kufuatiliwa. Aambiwe waziwazi, bila kejeli, kwamba ini lake haliwezi kuvumilia pombe, na aelekezwe mahali pa kusaidiwa kuiacha.

Tatu, aliyechanjwa naye aelezwe mpaka wa kinga yake. Chanjo hii haimkingi dhidi ya VVU wala homa ya ini aina ya C. Asije akadhani kwamba sasa sindano ya mwenzake ni salama.

Nne, jukumu letu sisi wa darasani. Mkifika nyumbani ulizeni, kwa adabu inayostahili, ni nani aliyezaliwa kabla ya mwaka 2002 na ni nani aliyekamilisha dozi 3. Wengi walipata moja wakati wa kampeni, wakaona imetosha, wakasahau. Mtoto anayemkumbusha mjomba dozi ya tatu amefanya kazi ya raia.

Maneno nayo huponya au huua

Nimalizie nilikoanzia, kwenye lugha. Kitenzi "lewa" kimezaa "levya", na kutoka hapo tumepata "mlevi", "ulevi", "kileo" na "dawa za kulevya". Tazameni jinsi Kiswahili kilivyoiweka chupa na sindano katika shina moja. Mzee anayemcheka kijana wa unga huku ameshika glasi ya waragi anamcheka ndugu yake wa kisarufi.

Mitaani mtasikia neno "teja", wingi wake "mateja". Umbo lake ni la ngeli ya JI-MA, pamoja na majabali na magunia. Lakini jaribuni kulitungia sentensi. Hatusemi "mateja yamefika"; tunasema "mateja wamefika". Nomino imejaribu kumtoa mtu katika utu, na upatanisho wa kisarufi ukakataa. Ninyi nanyi kataeni. Semeni "mtu anayetumia dawa za kulevya", au "mraibu" pale ambapo uraibu umethibitika. Ni maneno marefu kidogo, lakini muuguzi anayeyatumia atamwona mtu huyo akirudi kwa dozi ya pili. Anayesema "we teja, panga foleni huko nyuma" hatamwona tena.

Ini halijui kama mwenyewe ni mchungaji au mlevi, na virusi havimwulizi mtu tabia yake kabla ya kuingia. Sisi tunaouliza ndio tunaochelewesha kinga. Mwaka 2016 mataifa ya dunia, Uganda ikiwamo, yalikubaliana kuitokomeza homa ya ini kama tishio la afya ya umma ifikapo mwaka 2030. Hatutafika huko kwa kuwachanja wanaopendeza peke yao.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya homa ya ini na homa ya manjano.
2. Je, methali "heri nusu shari kuliko shari kamili" inatosha kutetea ugawaji wa sindano safi? Toa hoja za pande zote mbili.
3. Tunga sentensi tano ukitumia maneno yenye shina moja na "lewa".
4. Mwandikie barua ya kirafiki kaka yako mkubwa ukimshawishi akamilishe dozi 3 za chanjo. Usimkemee.